Kalamu ya Katibu Nayo ni Mizani
Mazungumzo juu ya sarufi na mpango wa barua ya Kiingereza, kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Mkulima wa pamba wa Usukuma anaijua mizani vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla ushirika haujaenea katika lililoitwa Jimbo la Ziwa, mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi binafsi, akasimama kando, akatajiwa uzito. Malalamiko juu ya upimaji yalikuwa mojawapo ya mambo yaliyowafanya wakulima waungane. Waliweka watu wao wenyewe wa kuangalia mizani vituoni, na kutokana na juhudi hizo, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake, lilizaliwa mwaka 1955 shirikisho la vyama vikuu vilivyozunguka ziwa la Viktoria.

Mazungumzo haya yahusu mizani nyingine ya chama, nayo ni kalamu ya katibu. Chama kinapomwandikia mtu wa mbali, mtu huyo hamwoni mkulima wala gunia lake. Anachokiona ni sentensi iliyo mbele yake, na kwa sentensi hiyo ataamua kulipa au kutolipa. Ikiwa sentensi imepinda, haki ya mwanachama nayo itapimwa pungufu, na safari hii hakuna mtu wa kusimama kituoni kuiangalia. Kwa sababu hiyo yafaa kila katibu, na kila mwanachama anayemchagua kiongozi, ajue mambo machache ya sarufi ya Kiingereza yanayoweza kukipa chama haki yake au kukinyima.

Kwanza: je, Kiingereza kinahitajika?

Kabla ya kukata karatasi, katibu ajiulize barua itasomwa na nani. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika, ya mwaka 1932, iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu walidhani kwamba jambo zito haliwezi kuandikwa kwa lugha nyingine. Mawazo hayo yamepitwa na wakati. Mwaka 1967 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za Serikali, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Barua kwa Mrajis, kwa mkaguzi, kwa Halmashauri ya Wilaya, au kwa meneja wa benki wa mjini Shinyanga au Geita, iandikwe kwa Kiswahili safi. Katibu anayemwandikia Mswahili mwenzake kwa Kiingereza cha kubahatisha haongezi heshima ya chama, anaongeza mashaka.

Hata hivyo, ziko barua ambazo hazina budi kuwa za Kiingereza. Mnunuzi wa pamba nyuzi wa ng'ambo hasomi Kiswahili. Mwuzaji wa pampu na mashine za kusaga mawe, anayeandikiana na chama cha wachimbaji wadogo wa Geita, aghalabu hutuma mkataba wake kwa Kiingereza. Kadhalika shirika la nje linalofadhili kisima au ghala, na ofisi kuu ya kampuni ya kigeni yenye mgodi au kinu cha pamba, huendesha kazi zao kwa lugha hiyo. Hapo ndipo sarufi inapokuwa mali ya chama.

Yafaa pia kukubali ukweli wa mambo. Shule za msingi za Serikali nchini hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Wako makatibu hodari walioishia darasa la saba, na wako waliomaliza kidato cha nne lakini hawajaandika Kiingereza tangu siku ya mtihani. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kutia sahihi maneno ambayo mtia sahihi hayaelewi.

Jinsi neno moja linavyoweza kugeuza deni

Kosa la hatari kuliko yote latokana na tofauti ya maumbile ya lugha hizi mbili. Katika Kiswahili, kitenzi hubeba alama za mtendaji na mtendewa. Neno moja tu, "kimewalipa", latosha kuwa sentensi: ki- ni chama, -wa- ni wanachama, na kulipa kumekwisha. Kwa sababu ya alama hizo, maneno yanaweza kubadilishana nafasi bila kuharibu maana. Mtu akisema "wanachama wanakidai chama", au akisema "chama, wanachama wanakidai", msikilizaji anajua ni nani mwenye haki ya kulipwa.

Kiingereza hakina alama hizo. Kinachomlinda mtendaji ni nafasi yake tu: mtendaji hukaa mbele ya kitenzi, mtendewa hukaa nyuma. "The society paid the members" maana yake chama kiliwalipa wanachama. Majina hayo mawili yakibadilishana nafasi, "The members paid the society", basi wanachama ndio waliotoa fedha. Hakuna herufi nyingine iliyobadilika, lakini fedha zimebadili mfuko.

Sasa litazamwe neno la deni. Kwa Kiswahili twasema chama "kinadai" au chama "kinadaiwa". Anayepaswa kulipa ndiye tunayemtaja kwa umbo la kutendwa, yaani "-daiwa". Kwa Kiingereza mambo ni kinyume. Anayepaswa kulipa hutajwa kwa umbo la kutenda, "owes", na anayengoja kulipwa ndiye hutajwa kwa umbo la kutendwa, "is owed". Tuseme katibu ana sentensi hii: "Chama kinadaiwa shilingi 4,000,000." Akifuata umbo la Kiswahili neno kwa neno, ataandika "The society is owed 4,000,000 shillings." Atakuwa ameandika kwamba chama kinadai. Deni limegeuka kuwa mali! Na akiandika kinyume chake kwa mwenye deni la chama, atakuwa ameungama deni ambalo chama hakinalo, tena chini ya muhuri.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: anayepaswa kulipa akae mbele, kisha "owes", kisha anayestahili kulipwa, kisha kiasi. "The company owes the society 4,000,000 shillings." Sentensi hiyo haina mlango wa pili.

Kukopa na kukopesha nako kuna mtego wake. Kiswahili huongeza silabi moja tu, na mkopaji huwa mkopeshaji. Kiingereza kina maneno mawili yasiyofanana hata kidogo: anayepokea mkopo "borrows", anayetoa mkopo "lends". Sentensi kama "The bank borrowed us money" husikika mara kwa mara, lakini si sahihi. Na mgeni anayejaribu kuitafuta maana yake anaweza kudhani kwamba benki ndiyo iliyokopa.

Kosa la tatu la aina hii ni kurudia mtendaji. Kwa kuwa Kiswahili husema "wanachama wanataka", mwandishi huhisi kwamba "wa-" lazima ipate neno lake, akaandika "The members they want". Kwa Kiingereza "The members want" yatosha.

Jina la mwisho ndilo kitu chenyewe

Kwa Kiswahili tunapounganisha majina, kitu chenyewe hutangulia: "mbegu za pamba" ni mbegu. Kwa Kiingereza kitu chenyewe hukaa mwisho, na jina lililotangulia ni la kukieleza tu. Wakulima wa pamba wana sababu ya kuijua kanuni hii kuliko watu wengine. "Cotton seed" ni mbegu za pamba, zile zinazopandwa au kukamuliwa mafuta. "Seed cotton" ni pamba yenyewe ikiwa bado na mbegu zake, kama inavyotoka shambani na kupimwa chamani. Baada ya kuchambuliwa kinuni hutoka pamba nyuzi, "lint", ambayo uzito wake ni kama theluthi moja tu ya pamba iliyoingia.

Kwa hiyo chama kikiandika kwamba kimepeleka kilo 12,000 za "cotton seed", kimetaja bidhaa nyingine yenye bei nyingine. Na kikiahidi tani 12 za "lint" huku kikimaanisha pamba ya shambani, kitakuwa kimejifunga kutafuta pamba mara tatu ya iliyo ghalani.

Katika ukanda wa dhahabu jambo hili lilionekana waziwazi mwaka 2017. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia kupeleka nje makinikia, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa ukabaki na madini mengi, uliokuwa ukitoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi huko Kahama. Kabla ya hapo watu wengi waliuita "mchanga" tu. Mtu asikiapo mchanga huwaza kitu cha kujengea nyumba. Asikiapo makinikia huuliza ndani yake mna nini. Mchimbaji mdogo naye atofautishe vitu vyake anapoandika: mawe yenye dhahabu yaliyotoka duarani ni "ore", makinikia ni "concentrate", na marudio yanayobaki baada ya kuosha ni "tailings". Hivyo ni vitu vitatu, na kila kimoja kina thamani yake.

Liko pia neno lisilo na mwenzake kwa Kiingereza. Wasukuma wa Shinyanga huhifadhi malisho ya kiangazi katika ngitili. Akiandika "forest" tu au "farm" tu, katibu atakuwa amepotosha. Njia nzuri ni kuliacha neno kama lilivyo na kulieleza mara moja linapotokea kwanza: "ngitili, grazing land which families or villages close during the rains and open in the dry season". Baada ya hapo aendelee kuandika "ngitili". Msomaji ataelewa, na lugha ya wenyeji itakuwa imeheshimiwa.

Nyakati za kitenzi

Katibu anayejua tofauti ya "tulileta" na "tumeleta" ameshaijua nusu ya somo. Ikiwa tarehe imetajwa, Kiingereza hutumia wakati uliopita ulio mtupu: "We delivered 40 bales on 5 August." Ikiwa tarehe haikutajwa na matokeo ndiyo yanayotazamwa, hutumia "have": "We have delivered 40 bales." Kuchanganya, yaani "We have delivered 40 bales on 5 August", ni kosa la kawaida. Halitapoteza robota, lakini humfanya msomaji asite, na msomaji anayesita huanza kutilia shaka hata hesabu zilizo sahihi.

Tofauti iliyo nzito zaidi ni kati ya kilichofanyika na kitakachofanyika. "The company paid" na "The company will pay" ni tofauti ya fedha zilizo mkononi na ahadi. Katika taarifa kwa mfadhili, chama kiandike kazi zilizokwisha katika aya moja na kazi zinazokuja katika aya nyingine. Zikichanganywa, mkaguzi ataona kisima kimeandikwa kana kwamba kimechimbwa, akifika kijijini hakioni, na chama kitaitwa cha udanganyifu kwa kosa la kitenzi.

Nani alifanya?

Barua za ofisini hupenda kauli ya kutendwa: "It was agreed that the money be paid." Ni Kiingereza kisicho na kosa la sarufi, lakini kina kosa la ushirika: hakisemi nani alikubali wala nani atalipa. Ushirika ni kazi ya watu wanaojulikana. Yafaa iandikwe: "The General Meeting of 12 June agreed that the Board should pay." Sasa mwanachama yeyote anaweza kumwuliza anayehusika.

Viwakilishi navyo viangaliwe. Kiswahili husema "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, bali Kiingereza hutofautisha "he" na "she". Kumwita mweka hazina mwanamke "he" katika barua ni kumkosea heshima na pia ni kumchanganya msomaji. Tena kiwakilishi kinaweza kuwa na wenyewe wawili. "The chairman told the treasurer that he should sign." Nani atie sahihi? Katibu asione uvivu kurudia cheo: "that the treasurer should sign." Kurudia neno katika barua ya kazi si dhambi.

"May", "should" na "shall"

Maneno haya madogo ndiyo yenye meno katika mkataba. "May" ni ruhusa: anaweza, akipenda. "Should" ni ushauri: yafaa afanye. "Shall" na "must" ni lazima.

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano mkubwa. Mwaka 1889 Menelik wa Pili wa Ethiopia alifanya mkataba na Italia mahali paitwapo Wuchale. Mkataba uliandikwa kwa Kiamhara na kwa Kiitalia. Katika kifungu cha 17, maandishi ya Kiamhara yalisema kwamba mfalme anaweza kuitumia Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Maandishi ya Kiitalia yalimfunga afanye hivyo, na kwa maneno hayo Italia ikadai kwamba Ethiopia imo chini ya ulinzi wake. Menelik alipinga, akaukataa mkataba, na mambo yakaishia katika vita. Tarehe 1 Machi 1896 majeshi ya Ethiopia yalishinda huko Adwa. Chama cha msingi hakina jeshi. Silaha yake ni kusoma vizuri kabla ya kutia sahihi.

Basi mkataba ukisema "The buyer may collect the cotton within 14 days", mnunuzi hana lazima ya kuichukua, na pamba yaweza kukaa ghalani hadi mvua za vuli. Chama kidai iandikwe "shall collect". Nacho kitazame kama upande wake wenyewe umeandikwa "shall" kila mahali huku upande wa mwenzake umeandikwa "may". Hapo hata asiyejua Kiingereza kingi anaweza kuhesabu kwa kidole na kuona mzigo umeelemea wapi.

Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mkataba wa ratili ya nyama, akaiita Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Waliousoma wanakumbuka kwamba mdai alipewa kile tu kilichoandikwa, bila hata tone la damu juu yake. Mikataba husomwa hivyo hivyo.

Mambo madogo yanayoharibu

Kuna makosa madogo ambayo hujirudia katika barua nyingi. Yafaa yabandikwe ukutani ofisini.

Saa. Saa 3 asubuhi ya Kiswahili ni "9 a.m." kwa Kiingereza. Katibu akiandika "3 o'clock", mgeni atafika saa 9 alasiri, wakati wanachama wamekwisha tawanyika.

"A" na "the". Kiswahili hakina maneno haya. "A" ni kimoja chochote. "The" ni kile kinachojulikana. "Please repair the scale" ni mizani ile iliyotajwa. "Please send a scale" ni mizani yoyote iliyo nzima.

Maneno yasiyo na wingi. "Information", "equipment" na "advice" hayaongezwi "s". Aidha, "advice" yenye "c" ni jina, yaani ushauri. "Advise" yenye "s" ni kitenzi, yaani kushauri. "Please advise us", lakini "Thank you for your advice."

Alama ndogo ya juu. "The member's savings" ni akiba ya mwanachama mmoja. "The members' savings" ni akiba ya wanachama wengi. Alama hiyo ni ndogo kuliko punje ya mtama, lakini yatenganisha mfuko wa mtu na mfuko wa chama.

Nukta. Mwandishi asiyetumia nukta huandika sentensi ya mistari kumi iliyounganishwa kwa "and" na "which". Kila jambo lipewe sentensi yake. Sentensi isiyozidi maneno 20 ni vigumu kupotea ndani yake.

Mpango wa barua

Sarufi ikiwa sawa, umebaki mpango. Barua nyingi za vyama huanza kwa salamu ndefu, zikaendelea kwa masikitiko, na ombi lenyewe likajificha katika mstari wa mwisho. Kwa mfano, chama kilichopunjwa kilo 250 huweza kuandika hivi: "We are lamenting bitterly about the kilos which got lost and we humbly beg your esteemed office to look at us with an eye of mercy." Jicho la huruma ni usemi mzuri kwa Kiswahili, lakini msomaji wa Kiingereza haoni hapo tarehe, kiasi, wala anachotakiwa kufanya. Tena chama kimeomba huruma mahali ambapo kina haki.

Barua hiyo hiyo yaweza kuandikwa hivi:

"Shortage of 250 kilograms of seed cotton, delivery of 5 August. On 5 August our society delivered 12,480 kilograms of seed cotton to your ginnery. Your receipt shows 12,230 kilograms. The difference is 250 kilograms. We ask you to check the two weighing sheets with our secretary, and to reply in writing by 20 August. We enclose copies of both sheets."

Barua imepangwa hatua kwa hatua. Kichwa kinataja jambo lenyewe, ili barua iwekwe katika jalada lake. Kisha unafuata ukweli kwa tarehe na tarakimu, na kila chama kimetajwa kwa alichokifanya. Baadaye inakuja tofauti, iliyohesabiwa ili msomaji asihangaike kuitafuta. Kisha ombi, pamoja na siku ya mwisho ya kujibu. Mwisho ni vielelezo. Hakuna neno gumu hata moja. Adabu imetosha, na hasira haikuhitajika, kwa kuwa tarakimu zimesema.

Makatibu wengine hudhani kwamba maneno makubwa yataogofya ofisi. Mara nyingi maneno hayo humchosha msomaji, na barua yao husukumwa chini ya nyingine.

Barua ni ya wanachama

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Katibu anapoandika Kiingereza, anaandika mbele ya watu ambao wengi wao hawawezi kumsahihisha. Hapo ndipo penye hatari, hata kwa katibu mwaminifu. Utaratibu unaofaa ni huu. Kwanza, jambo liandikwe kwa Kiswahili kama Bodi au mkutano ulivyoamua. Pili, katibu aandike barua ya Kiingereza kutokana na maandishi hayo. Tatu, mtu mwingine anayejua Kiingereza, kama vile mwalimu wa sekondari ya kata au mtoto wa mwanachama aliye kidato cha juu, apewe barua ya Kiingereza peke yake, aifasiri kwa sauti mbele ya Bodi bila kuonyeshwa Kiswahili cha kwanza. Ikiwa yanayosikika ndiyo yaliyoamuliwa, barua ipigwe muhuri. Ikiwa chama kilichodai kimesikika kinadaiwa, kosa litakuwa limeonekana mezani, kabla barua haijaondoka. Nne, nakala zote mbili ziwekwe jaladani pamoja.

Katika mikataba chama kiombe yawepo maandishi ya lugha zote mbili, na kifungu kinachosema ni maandishi yapi yatakayofuatwa yakitofautiana. Mwenzake akikataa, chama kitafute ushauri wa Chama Kikuu au wa Afisa Ushirika kabla ya kusaini.

Viongozi huja na kuondoka. Vyama Vikuu vyenyewe vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na sheria nyingine zikafuata hadi ile ya mwaka 2013. Ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa. Barua iliyoandikwa sawasawa hubaki na kumsemea mkulima hata baada ya katibu aliyeiandika kustaafu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lililoandikwa kwa sentensi zilizopinda nalo hupoteza mali, tena likiwa wazi mezani.

Basi, Ndugu Makatibu, kabla ya kutia sahihi barua ya Kiingereza, isomwe mara moja zaidi, na kila sentensi iulizwe maswali matatu: nani, amefanya nini, kwa nani? Nanyi, Ndugu Wanachama, mnayo haki ya kusomewa kwa Kiswahili kila kilichoandikwa kwa jina lenu. Kuuliza si ujinga. Wazee wa vyama vya kwanza waliuliza juu ya mizani, na ushirika ukapatikana.

Udumu ushirika.